Minyoo ya ini inaanzia kwenye bonde la kiangazi

Kwenye machinjio ya Nyanda za Juu Kusini, mkaguzi wa nyama hatumii muda mrefu kwenye ini. Analilaza juu ya meza, anachanja mirija ya nyongo kwa kisu, kisha anaminya kwa dole gumba. Ini lisilo na ugonjwa hukatika kimya. Ini la ng'ombe aliyeishi na minyoo kwa miaka kadhaa hujulikana hata kabla ya kuminywa: mirija imevimba na kuwa myeupe, kuta zake zimeganda chokaa, na kisu kinakwaruza. Likiminywa, hutoka minyoo bapa yenye umbo la jani, mingine ikizidi sentimita 5 kwa urefu. Ini linatupwa, mwenye bucha anahesabu hasara yake, na mzoga unaofuata unavutwa.

Mfugaji hana habari. Ng'ombe wake aliuzwa mnadani wiki iliyopita, akapita kwa madalali wawili watatu, na wale waliobaki zizini wanaendelea kwenda kunywa maji palepale alipokuwa akinywa yule aliyechinjwa. Maziwa yanapungua, anasema ni malisho. Jike linachelewa kupata mimba, anasema ni dume. Mwingine anavimba chini ya taya, uvimbe laini uliojaa maji, na hapo ndipo anakimbilia duka la dawa za mifugo. Kwa ng'ombe ugonjwa huu mara nyingi hauui kwa kishindo kama unavyoweza kuua kondoo. Unamla polepole, na kwa sababu hiyo umeachwa uzoeleke.

Ninachotaka kusema ni kwamba tumekuwa tukitazama mahali pasipo. Tunajadili dawa, mbegu ya ng'ombe, mvua za mwaka huu. Swali la kwanza lilipaswa kuwa hili: kati ya Julai na Novemba, ng'ombe huyu anakula wapi na anakunywa wapi?

Tuanze na mnyoo wenyewe. Tanzania na nchi jirani zina aina mbili. Iliyoenea zaidi kwetu ni *Fasciola gigantica*, mnyoo mkubwa wa maeneo ya joto. Ndugu yake mdogo, *Fasciola hepatica*, anapenda baridi, na hapa nchini amekutwa huko juu Kitulo, wilayani Makete, kwenye uwanda wa takriban mita 2,600 kutoka usawa wa bahari. Yote miwili haiwezi kuishi bila konokono wa majini. Yai hutoka na kinyesi cha ng'ombe. Likiangukia nchi kavu linakufa. Likiingia kwenye maji huanguliwa baada ya wiki mbili tatu kama kuna joto, na kiluwiluwi kinachotoka kina muda usiozidi siku moja hivi kumpata konokono anayekifaa. Kikimpata, kinajigawa ndani yake kwa miezi miwili au zaidi, kiluwiluwi kimoja kikizaa mamia. Hayo mamia hutoka, huogelea kidogo, na kujigandisha kwenye majani yaliyo karibu na uso wa maji yakiwa yamejifunika gamba gumu. Ng'ombe anayameza pamoja na nyasi. Kuanzia siku anayomeza mpaka mnyoo utakapokomaa na kuanza kutaga ni kama miezi mitatu hadi minne, na wiki kadhaa za mwanzo mnyoo mchanga unazitumia kutoboa ukuta wa utumbo na kusafiri ndani ya nyama ya ini, ukiacha vidonda njia nzima.

Konokono wa *gigantica* huku kwetu huitwa kitaalamu *Radix natalensis*, na tabia yake moja ndiyo ufunguo wa jambo hili. Hapendi madimbwi ya kupita. Anataka maji ya kudumu, safi kiasi, yasiyokwenda kasi: chemchemi, kingo za malambo, mifereji ya umwagiliaji, vinamasi visivyokauka. (Konokono wa kichocho ni wengine, ingawa mara nyingi wanakaa jirani.) Wakati wa masika maji yamejaa kila mahali, ng'ombe wametawanyika, nyasi zipo mlimani. Kiangazi kinapokaza, mlima unakauka, vijito vinakatika, na kinachobaki kibichi ni bonde lenye maji ya kudumu. Hapo wanakutana wote: makundi ya ng'ombe wa vijiji vitatu, kinyesi chao, konokono, na ukanda mwembamba wa nyasi mbichi pembeni ya maji. Mnyama mwenye njaa anaingia mpaka magotini na kula mpaka kwenye shina. Maambukizi mengi huchumwa hapo.

Ndiyo maana ushauri unaosema huu ni ugonjwa wa mvua hautoshi. Ushauri huo una mizizi yake Ulaya, ambako konokono wa *hepatica* anaishi kwenye tope na mwaka wenye mvua nyingi ni mwaka wa hatari kubwa. Kwa Kitulo una maana yake. Kwa mfugaji wa Mbarali, Kilombero au tambarare za Iringa Vijijini, miezi ya kuogopa ni ile ambayo vumbi linapaa barabarani na bonde peke yake ndilo lina majani.

Hapo ndipo orodha za vihatarishi, yaani mambo yanayosemwa kuongeza uwezekano wa ng'ombe kuambukizwa, zinaponipa tabu. Soma tafiti zinazofanywa machinjioni na mashambani, utakuta orodha inayofanana: umri, jinsia, aina ya ng'ombe, hali ya mwili, msimu, mfumo wa ufugaji, chanzo cha maji, matumizi ya dawa. Kila kimoja kinapewa mstari wake na asilimia yake kana kwamba vyote vina uzito sawa na kila kimoja kinasimama peke yake. Havisimami hivyo.

Chukua umri. Ng'ombe wazima mara nyingi hukutwa na maambukizi kuliko ndama. Uzee wenyewe haumwiti mnyoo. Ndama hubaki karibu na boma, mama zao wanatembea kilomita kadhaa kwenda bondeni, na mnyoo ukishaingia kwenye ini unaweza kukaa humo miaka. Ng'ombe wa miaka 8 amepita viangazi 8. Chukua jinsia: majike hukutwa na minyoo zaidi katika baadhi ya kumbukumbu, lakini dume huuzwa akiwa kijana ilhali jike linaachwa lizae mpaka lichoke. Tunapima tena miaka ya kukaa bondeni. Chukua unene: ng'ombe waliokonda ndio wenye minyoo, tunaambiwa, na kukonda kunawekwa kwenye orodha ya vinavyosababisha. Mara nyingi ni kinyume chake, minyoo ndiyo iliyomkondesha. Ukimwambia mfugaji kwamba kukonda ni kihatarishi, atanunua pumba na mashudu na kumrudisha ng'ombe palepale kinamasini.

Ukiondoa hivyo vyote, kinachobaki ni mfumo wa ufugaji na chanzo cha maji, navyo vinajibu swali lilelile moja. Utafiti uliofanyika Iringa miaka ya mwanzo ya 2000 uliwalinganisha ng'ombe wa asili wanaochungwa, ng'ombe wa mashamba makubwa ya maziwa, na ng'ombe wa wafugaji wadogo wa maziwa wanaolishwa bandani. Mpangilio ulikuwa huu: ng'ombe wa asili waliongoza, zaidi ya nusu yao wakiwa na minyoo ya ini, wa mashamba makubwa wakafuata, wa bandani wakawa na maambukizi kidogo kuliko wote. Wengine husoma matokeo hayo wakasema ng'ombe wa kigeni ana kinga. Miguu ya ng'ombe wa bandani haifiki bondeni, hiyo ndiyo tofauti kubwa.

Hata hivyo banda lenyewe si ngao kamili, na hapa Iringa na Njombe tuna jambo letu. Wakati wa kiangazi watu hulima vinyungu, yale mashamba madogo ya mabondeni yanayotumia unyevu wa ardhi kulima mboga, mahindi mabichi na maharage. Kando ya kinyungu kuna mfereji, kwenye mfereji kuna majani mazuri, na mwenye ng'ombe wawili wa maziwa hukata mzigo jioni akaubeba kichwani mpaka bandani. Ng'ombe hajatoka, lakini bonde limemfuata. Nimewahi kuwauliza wafugaji wa namna hiyo ng'ombe wao wanachungwa wapi, nikajibiwa kwa uhakika kwamba hawachungwi kabisa. Ni kweli. Swali lilitakiwa liwe majani yanakatwa wapi, na kwa urefu gani kutoka majini.

Kwenye skimu za mpunga hali ni nzito zaidi. Usangu, Mwea kule Kenya, Kilombero: maji yanakaa kwenye majaruba kwa miezi, konokono wanaongezeka, na mara mpunga unapovunwa ng'ombe wanaachiwa waingie kula mabua na machipukizi. Kwa mfugaji ni neema, chakula cha bure wakati kila kitu kimekauka. Sehemu ya chini ya bua, iliyokuwa imezama au kugusa maji, ndiyo yenye hatari. Wenzetu wa Indonesia walilichunguza jambo hili kwa makini huko Java Magharibi, kwenye mnyoo uleule wa *gigantica*. Mapendekezo yao yalikuwa mepesi: ukiwalisha ng'ombe mabua mabichi, tumia theluthi mbili za juu na kuacha ya chini, au yaanike juani siku tatu mfululizo kwanza. Na dawa ya kuua minyoo itolewe mara moja kwa mwaka, mwezi Julai, wiki kama 6 baada ya kuvuna mpunga wa msimu wa pili. Walipanga ratiba ya dawa kwa kutazama jaruba, wakijua ni lini ng'ombe ameacha kuchuma maambukizi. Kuiga mwezi wao hakutatusaidia, kwa sababu misimu yetu ni tofauti. Namna ya kufikiri ndiyo ya kuiga.

Sasa dawa. Sina ugomvi na dawa. Nina ugomvi na jinsi zinavyotumika, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu pesa za wafugaji zinateketea. Kosa la kwanza ni ivermektini. Sindano yake inapendwa, inaua minyoo ya tumbo, inaua utitiri na chawa, manyoya yanang'aa ndani ya wiki mbili. Minyoo ya ini haiiui. Mfugaji aliyechoma ng'ombe wote ivermektini mwezi Agosti anaamini amemaliza kazi, kumbe minyoo ya ini inaendelea kutaga maelfu ya mayai kila siku bondeni.

Kosa la pili ni kipimo. Albendazoli inafanya kazi, lakini kwenye chupa mara nyingi kuna vipimo viwili, kidogo cha minyoo ya tumbo na kikubwa cha minyoo ya ini. Kwa minyoo ya ini ng'ombe anahitaji miligramu 10 kwa kila kilo ya uzito. Ng'ombe wa kilo 300 akinyweshwa albendazoli ya asilimia 10 anatakiwa apate mililita 30. Wengi hupewa 20, kwa sababu uzito umekisiwa kwa macho na chupa inatakiwa itoshe zizi zima. Utepe wa kupimia kifua ili kukadiria uzito upo, hauna gharama kubwa, na kila duka la dawa za mifugo lingepaswa kuwa na mmoja wa kuazimisha. Albendazoli isipewe jike lenye mimba changa, ya chini ya siku 45.

Kosa la tatu ndilo linalogusa hoja yangu moja kwa moja. Albendazoli, na hata ile dawa ya mchanganyiko wa levamisoli na oksiklozanaidi, huua minyoo iliyokomaa tu. Ng'ombe aliyetoka bondeni jana ana minyoo michanga inayotembea ndani ya ini, na dawa hizo zinaiacha. Ukimnywesha mvua zinapoanza, akiwa ametoka bondeni juzi, umeua ya msimu uliopita na kuiacha ya msimu huu ikomae. Kwa hiyo ukitumia dawa ya minyoo mizima, mnyweshe kabla hajashuka bondeni, Juni hivi, ili asiende kupanda mayai kwenye maji. Kisha mnyweshe tena yapata miezi mitatu baada ya kuondoka bondeni, minyoo aliyoichuma ikishakomaa. Triklabendazoli inaua hata michanga, na yenyewe unaweza kuitoa mara tu ng'ombe anapoondoka kwenye maji. Haifai kwa ng'ombe ambaye maziwa yake yananywewa, na hilo lisipuuzwe.

Triklabendazoli inahitaji heshima kwa sababu nyingine pia. Usugu wa minyoo dhidi yake uliripotiwa Australia mwaka 1995, na tangu hapo umeonekana katika nchi nyingine kadhaa. Dawa hiyohiyo ndiyo inayotumika kuwatibu binadamu. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wasiopungua milioni 2.4 duniani wana minyoo hii, katika nchi zaidi ya 70, na hapa Tanzania wagonjwa wamewahi kukutwa mkoani Arusha. Binadamu hawaipati kwa kula maini yaliyopikwa. Wanaipata kwa mboga za majini zinazoliwa mbichi na kwa maji ya bondeni yasiyochemshwa, yaani kutoka palepale ng'ombe anapoipata. Kuichezea dawa hii kwa vipimo pungufu kwenye mazizi ni kuwanyang'anya na watu tiba yao.

Niliyoyasema kuhusu ratiba yanahitaji taarifa, na taarifa tunayo ila tunaitupa pamoja na ini. Tangu mwaka 2010 tuna Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo. Mwaka 2025, pale Bariadi mkoani Simiyu, ilizinduliwa kampeni kubwa ya kitaifa ya chanjo na utambuzi, na hereni zikaanza kuvishwa kwenye masikio ya ng'ombe kwa wingi. Mazungumzo kuhusu hereni yamekuwa ya wizi wa mifugo, chanjo na soko la nje. Yote ni mema. Lakini hereni ile ikisomwa machinjioni na matokeo ya ini yakaingizwa kwenye mfumo, afisa mifugo wa kata angejua baada ya msimu mmoja ni vijiji vipi, na hatimaye ni mabonde yapi, yanayotoa maini mabovu. Angeenda kupima vinyesi vya waliobaki. Kipimo chenyewe si cha anasa: mayai ya minyoo hii ni mazito, huzama, kwa hiyo kinyesi kinachanganywa na maji, kinachujwa, kinaachwa kitulie, na mashapo yanatazamwa kwa hadubini. Wakala ya Maabara ya Veterinari ina kituo Iringa na kwingineko. Kinachokosekana ni mtu wa kuleta sampuli akijua kwa nini anaileta.

Naambiwa kwamba mfugaji hawezi kukatazwa kwenda bondeni kiangazi, na nakubali kabisa. Tulishaona kinachotokea wafugaji wanapoondolewa kwa nguvu. Mwaka 2006 na 2007 waliamriwa kutoka Usangu na kinamasi cha Ihefu kwa ajili ya kuunusuru Mto Ruaha Mkuu, na makundi yakaenda Kilombero, Rufiji, Lindi. Ng'ombe waliotoka kwenye kinamasi kimoja wengi wao waliishia kwenye kinamasi kingine, na minyoo iliyokuwa ndani ya maini yao ilisafiri nao. Kukataza bila kutoa maji mbadala ni kuuhamisha ugonjwa.

Kinachowezekana ni kumtenganisha ng'ombe na ukingo wa maji. Birika la saruji lililojengwa mita mia mbili kutoka kwenye chemchemi, maji yakifika kwa bomba, na sakafu ya mawe kuzunguka birika ili pasiwe na tope. Uzio wa miti hai kuzunguka chemchemi yenyewe. Bonde likigawanywa ili sehemu yenye maji ya kudumu ikatwe majani ya kuanikwa na sehemu ya juu ichungwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inawapa wanakijiji nguvu ya kupanga haya, na mipango ya matumizi bora ya ardhi inafanyika kila mwaka. Katika mingi niliyoiona, neno malisho limeandikwa juu ya ramani na neno maji ya mifugo halimo. Fedha nazo si kisingizio kizima: halmashauri zinakusanya ushuru wa minada na wa machinjio, na zimeelekezwa zirudishe asilimia 15 ya mapato ya mifugo kwenye mifugo yenyewe. Wafugaji wana haki ya kuuliza kwenye mkutano wa kijiji asilimia hiyo imejenga birika gani, wapi.

Na kuna jambo la haraka kuliko yote hayo. Serikali kupitia Tume ya Taifa ya Umwagiliaji inajenga na kukarabati skimu nyingi katika mikoa hiihii yenye ng'ombe. Kila mfereji mpya ni makazi mapya ya konokono wa maji ya kudumu, na kila skimu itavuta ng'ombe wakati wa kiangazi, watake wasitake wenye skimu. Njia ya mifugo, kivuko chake na birika lake viingie kwenye michoro na kwenye bajeti ya ujenzi sasa, daktari wa mifugo wa wilaya akiwa mezani pamoja na mhandisi, kabla mkandarasi hajaanza kuchimba.